Leo Kuna Neno?

Nyumbani kwetu mtoto hakuadhibiwa kwa kosa alilotenda. Aliadhibiwa kwa neno ambalo Mama alichagua kuliita kosa hilo. Najua mtu akisikia hivi atadhani natania, na acheke tu, maana hata sisi tulilicheka sana jambo hili kabla halijatutoa machozi.

Baba alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori, ile iliyo mwisho wa mji kabla ya barabara kuu. Watu walimwita Mzee Mizani, na wengi hawakulijua jina lake jingine. Kutwa nzima alisikiliza hadithi za madereva. Huyu mzigo wake umelowa mvua ndiyo maana umezidi, yule ana mgonjwa nyumbani, mwingine katumwa tu na tajiri wake. Baba aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawajibu wote jibu moja: "Gari halijielezi, ndugu yangu. Panda mizani."

Na akirudi jioni, roho yake bado iko kwenye mizani. Anavua viatu vyake mlangoni, ananawa miguu, anaketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, halafu anauliza:

"Mama watoto, leo kuna neno?"

Siku ikiwa njema Mama alijibu, "Hakuna, baba watoto," na chai ikamiminwa. Siku ikiwa mbaya alisema, "Lipo," akamtaja mtoto, akatoa neno moja. Moja tu. Baba hakuuliza ilikuwaje, nani alianza, wala nani alishuhudia. Neno likitoka kinywani mwa Mama limetoka, na hukumu yake tuliijua.

Neno jepesi kuliko yote lilikuwa kupitiwa. Umetumwa chumvi umerudi na kiberiti, umeacha nguo kwenye kamba mpaka mvua imezikuta, basi umepitiwa, na Baba anasema, "Basi, ale, alale." Kuteleza kulikuwa juu yake kidogo. Aliyeteleza alisafisha viatu vya Baba, na lile vumbi la malori halikubali kitambaa hivi hivi. Ukiambiwa umekosea, unakwenda kwa uliyemkosea, unasimama wima na kuomba radhi kwa sauti, majirani wakiwa wametega masikio. Mimi ningependa fimbo kuliko hiyo. Kukiuka lilikuwa neno la mambo uliyokwisha katazwa. Ukikiuka huvuki kizingiti kwenda kucheza mpaka Baba mwenyewe aseme. Halafu kulikuwa na kukaidi. Hapo umekatazwa, umekumbushwa, na bado umefanya huku umeinua shingo. Aliyekaidi alisikia fimbo ikishushwa kutoka juu ya kabati.

Na mbele ya kukaidi kulikuwa na kuasi. Neno hilo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kulisikia likitajwa na jina lake. Mama alilitumia kututisha tu. "Msifike huko," alisema. "Aliyeasi si wa nyumba hii tena."

Kwa majirani maneno haya yalikuwa yanatupwa tu. Mtoto kavunja sahani kaasi, mtoto kachelewa dukani kavunja sheria, kachupa mipaka, kapinda, hafai, basi chochote kilichokuja mdomoni. Sisi tuliwaonea huruma wale watoto. Kwetu neno lilipimwa.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Kaka yangu alipokuwa mdogo sana, jirani mmoja alimwendea Baba njiani akamwambia kijana wako kanivunjia dirisha. Baba akaingia ndani na fimbo bila kuuliza. Kesho yake ikajulikana aliyevunja ni mtoto wa jirani yule yule. Mama alimkalisha Baba kwenye kiti chake, akasimama mbele yake, yeye mfupi kama nini, akamwambia: "Kuanzia leo, neno la kumgusa mwanangu litatoka kinywani mwangu au halitatoka kabisa." Baba alikubali. Alikubali na akashika, maana ndivyo alivyo. Mtu akimpa Baba kanuni, anaifuata mpaka kanuni yenyewe ichoke.

Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, mahali ambapo mvuke haukauki na mtu akitaka kumwita mwenzake hupiga makofi. Wenzake walimwita Mama Povu. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuchambua mashuka. La chai huku, la dawa kule, la damu peke yake kwenye pipa la maji baridi. Damu haitaki maji ya moto. Ukilitia shuka la damu kwenye maji ya moto doa linaiva ndani ya uzi, na hata ulifue mpaka lichanike, doa limo. Wafanyakazi wapya walikosea hapo mara kwa mara, na Mama aliwafundisha bila kuwagombeza.

Sasa niseme jambo ambalo sisi watoto tulilijua na tulidhani Baba halijui. Mama alikuwa anapunja.

Siyo mara moja wala mbili. Kosa la kukaidi lilifika kwa Baba limeshakuwa kukosea, la kukiuka likawa kupitiwa. Siku moja Kaka alipiga mpira ndani ya nyumba, jambo alilokatazwa mpaka sisi wengine tulichoka kusikia akikatazwa, akavunja kioo cha kabati la vyombo. Tulikaa tukisubiri fimbo ishuke. Baba akauliza swali lake la jioni.

"Lipo," Mama akasema. "Kijana ameteleza."

Baba akageuka akalitazama kabati. Akatazama sakafu.

"Ameteleza," akarudia. "Sakafu ilikuwa na maji?"

"Ameteleza, baba watoto."

Baba akaitazama tena ile sakafu kavu, akashusha pumzi. "Haya. Viatu vyangu anajua vilipo."

Usiku tulicheka mpaka tukauma vidole tusisikike. Kuanzia hapo Kaka alianza kupanga makosa yake kwa hesabu ya Mama. "Hili ni la kuteleza tu, twendeni," alikuwa anasema, na Dada anamkosoa: "La kuteleza wapi! Likipita kwa Mama linakuwa kupitiwa." Dada ndiye alikuwa mkubwa wetu. Mimi ni kitindamimba, na kwangu hakukuwa na mtu mzuri duniani kama Dada. Alikuwa na kicheko ambacho mtu hawezi kukikasirikia. Nasema hivyo, lakini mtu mmoja alikikasirikia siku moja, na siku hiyo moja ilitosha.

Dada alipomaliza shule Mama alipanda ngazi kutoka kule chini kwenye mvuke, akaenda na aproni yake kumwona metroni, mkuu wa wauguzi, akamwombea nafasi ya kusomea uuguzi. Kupanda zile ngazi kwa mtu kama Mama halikuwa jambo dogo. Nafasi ikapatikana. Sare ya Dada Mama aliifua na kuipiga pasi kwa mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata Dada mwenyewe mpaka aivae.

Lakini moyo wa Dada ulikuwa kwingine. Ulikuwa kwa dereva mmoja wa lori, kijana mcheshi, mchapakazi, ambaye wenzake walimpachika jina la Njia Panya. Jina lilimfaa. Alijua kila kijia cha nyuma cha kumpitisha mtu na lori lake bila kukanyaga mizani. Baba alimjua vizuri. Kwa Baba, dereva aliyezidisha mzigo na kupanda mizani akakamatwa ni mkosaji tu, na mkosaji unaweza kunywa naye chai. Anayezunguka mizani alikuwa kiumbe wa aina nyingine.

Siku yenyewe metroni alishuka chumba cha kufulia. Alisimama katikati ya mashine, mbele ya wanawake wote, akasema: "Mama Povu, mwanao haonekani darasani tangu mwezi uliopita. Nafasi ile tulimpa kwa heshima yako. Kuna watoto wa watu waliikosa." Hakusema kwa ubaya, lakini alisema mbele za watu. Mama alifungua aproni akaondoka na mikono yake ikiwa mibichi bado.

Mimi nilikuwa nyumbani nikipanga vyombo. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka akikunja nguo zake ndani ya begi. Mama aliingia, akaliona begi, akakaa kwenye kiti cha Baba, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Ni kweli umeacha masomo?"

"Nimeacha, Mama. Nilitaka kukwambia. Naolewa."

"Na nani?"

Dada akamtaja. Mama akafumba macho.

"Baba yako nitamwambia nini, mwanangu? Hebu niambie wewe. Nitamwambia nini?"

Na Dada akacheka. Nasema ukweli, hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu anayetaka kumtoa mama yake kwenye huzuni. "Mama, si useme tu nimepitiwa? Ndivyo unavyosema siku zote."

Nilimwona Mama uso unavyobadilika. Huruma yake ya miaka yote, ile aliyoitoa kimya kimya akidhani anatuficha, kumbe ilikuwa inajulikana, na kumbe tulikuwa tumeigeuza kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Alinyanyuka akaenda kupika. Jioni Baba akaja, akavua viatu.

"Mama watoto, leo kuna neno?"

"Lipo."

"La nani?"

"La mkubwa." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ameasi."

Baba, ambaye hakuwahi hata siku moja kumtaka Mama arudie neno, alisema: "Umesemaje?"

"Nimesema ameasi."

Baba alikaa. Sikumbuki kama ni muda mrefu au mfupi, nakumbuka maji ya miguu yake yakikauka sakafuni. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Aliyeasi hana mlango hapa."

Dada hakumtazama Baba hata kidogo. Alimtazama Mama. "Mama?" akasema. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Dada akachukua begi lake, akanibusu mimi kichwani, akatoka. Kaka alimfuata mpaka njiani akarudi analia, na alikuwa kijana mwenye ndevu tayari.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Lakini ningekuwa mimi, ningelirudisha neno lile kesho yake asubuhi kabla ya chai. Nilimwambia Mama hivyo, nilipokua na kupata kinywa cha kumwambia. Nilimwambia kwa ukali, maana nina hasira za karibu na sikujua wakati ule kwamba namchapa mtu aliyekwisha chapwa. "Mama, mwambie Baba ulikosea. Neno moja tu. Mficha uchi hazai!"

Tulikuwa tunakunja mashuka ya nyumbani, yeye ncha zake na mimi zangu.

"Nikimwambia nilikosea hili," akasema, "ataniuliza na yale mengine."

"Yapi?"

"Unayajua. Ya kioo. Ya Kaka yako kutoroka shule. Yako wewe ya ile saa ya mwalimu. Baba yenu anaamini kila neno nililompa tangu tuoane. Hana kitu kingine anachokiamini hivyo. Nikilitoa hili moja, yote yanabomoka, ajue kwamba ameishi na mwongo." Akaichukua ncha yangu ya shuka mkononi mwangu. "Nilitia maji ya moto, mwanangu. Nilijua na nikatia."

Dada naye, nilipomfikia kule mji wa pili walikohamia, alikuwa na yake. Njia Panya alikuwa mume mwema, sijui niseme vipi zaidi. Alimjali, na hata njia zile aliziacha. Nilimwomba Dada aje amwangukie Baba. Akakataa. "Baba sina ugomvi naye," akasema. "Baba anapima anachopewa. Neno lilitoka kwa Mama, na lirudi kwa Mama. Siku Mama akisema, nitakuja na miguu yangu. Siji kuomba huruma ya kuokota."

Basi wakakaa hivyo, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Mara moja tu walikaribiana. Dada alipata uchungu wa mtoto wake wa kwanza akiwa njiani na mumewe, wakamkimbiza hospitali ile ile ya Mama, iliyokuwa karibu. Habari zilishuka chini pamoja na mashuka. Mama alipanda ngazi wakati wa mapumziko, akasimama kwenye mlango wa wodi na aproni yake, akamwona Dada amelala na kichanga pembeni. Hakumwamsha. Alichukua vitambaa vya mtoto vilivyochafuka, akashuka navyo, akavifua kwa mkono, akavikausha juu ya bomba la mvuke, akavipiga pasi, akavirudisha vimekunjwa. Mama alikuwa na mkunjo wake, ncha moja anaiingiza ndani kama mfuko wa barua, hakuna mwingine aliyekunja vile. Dada alipoamka aliviona. Aliniambia alivishika hakuvifungua, akangoja mpaka jioni labda atarudi. Mama hakurudi. Alikuwa nyumbani, akijibu, "Hakuna, baba watoto."

Miaka ikaenda. Kaka akapata kazi ya kuoka mikate mbali na hapo, akaoa. Mimi nikapanga chumba mtaa wa pili, nashona nguo. Baba akastaafu. Hakwenda tena mizani, lakini jioni alitoka akazunguka kidogo, akarudi, akavua viatu, akanawa miguu, akaketi. "Mama watoto, leo kuna neno?" Nyumba haina mtoto hata mmoja! Nikiwapo nilikuwa nacheka. Nilimwambia Mama, mzee huyu sasa kazoea kama saa ya ukutani, ataliuliza swali hili hata kwenye ndoto. Mama naye alikuwa akicheka kidogo, halafu akajibu lile lile. "Hakuna."

Kifua kilimkamata Mama mwaka wa pili baada ya yeye naye kuacha kazi. Ule mvuke na zile dawa za kufulia vilikuwa vimemkaa ndani. Alilazwa hospitali yake mwenyewe, na wenzake wa zamani walimletea shuka laini kuliko yote, wakabishana nani alitandike. Baba alikuja kila jioni. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, akaulizia dawa, akaulizia chakula, na kabla ya kuondoka akauliza swali lake. Pale pale, mbele ya wagonjwa wengine.

Jioni ya mwisho nilikuwapo. Mama alikuwa amechoka, kila pumzi anaitafuta.

"Mama watoto, leo kuna neno?"

Mama akafungua kinywa. Nililiona neno lile limefika mdomoni, nawaapia, nililiona. Nilishika chuma cha kitanda. Baba alikuwa ameinama mbele, kofia mikononi. Wakatazamana. Halafu Mama akafumba mdomo, akaufungua tena.

"Hakuna, baba watoto."

Baba alinyanyuka. Akavaa kofia yake taratibu, akasema, "Haya, mama watoto. Pumzika," akaenda. Mama aligeukia ukutani akalia bila sauti, nami sikumwambia kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa na hasira na nisiseme. Alfajiri alifariki.

Dada nilimpigia simu mimi. Alifika na mumewe na wanawe, akakaa uani na wanawake wengine, akapika, akaosha vyombo, akalia kama tulivyolia wote. Lakini hakuingia ndani. Mvua ilinyesha kidogo mchana wa mazishi, na watu wote wakajibanza sebuleni, na Dada akabaki chini ya ukingo wa paa, nusu yake ikilowa. Hakuna aliyemwambia ingia. Watu walidhani ni majonzi. Baba alimwona kupitia dirishani, akatazama chini.

Wageni walipopungua, jioni, Baba aliketi kwenye kiti chake. Miguu hakunawa. Nilimpelekea chai, nikakaa chini kando yake.

"Alitaka kusema," akaniambia ghafla. "Jioni ile ya mwisho. Uliona?"

"Niliona, Baba."

"Nilidhani siku imefika."

Sikumwelewa. Nikamtazama.

"Mwanangu, mimi nimepima malori maisha yangu yote," akasema. "Nitashindwa kujua uzito wa nyumba yangu? Kijana ameteleza! Sakafu kavu, mpira uko chini ya meza, kioo kimetapakaa. Nilijua. Ya saa ya mwalimu wako nilijua pia."

"Ulijua anatupunguzia? Miaka yote?"

"Nilikuwa nangoja kwa hamu nisikie leo atapunguza vipi." Ilikuwa kama anataka kutabasamu, ikashindikana. "Mimi sijui kusamehe hivi hivi. Sikuumbwa hivyo. Nikiachiwa mwenyewe ningewapiga. Yeye akiniletea neno dogo, nami napata njia ya kuwa mdogo. Ningemwambia najua, angeacha."

"Na Dada? Kwa nini basi, Baba? Kwa nini hukumwita?"

"Neno halikuwa langu. Nilimwahidi." Akanyoosha kidole kwenye ile nafasi ya sakafu ambapo Mama alizoea kusimama. "Lakini nilimuuliza. Kila jioni nilimuuliza. Ninyi nyote mmeondoka, nyumba tupu, nilikuwa namuuliza neno la nani? La paka? Nilikuwa nampa mlango. Angesema tu mkubwa alipitiwa, ningesema aje ale, na isingeulizwa habari tena."

Nikakumbuka nilivyokuwa nikicheka. Nikamkumbuka Mama akicheka pamoja nami, na kujibu hakuna, hakuna, hakuna, akiogopa kubomoa imani ya mtu aliyekuwa anamjua mpaka ndani. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kulia. Watu wawili waliopendana hivyo, na chumba kimoja, na swali moja kila jioni.

Giza lilikuwa linaingia. Uani nilisikia Dada akipanga masufuria. Baba alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, na nadhani kinywa chake kilisema chenyewe, kwa mazoea ya umri mzima.

"Leo kuna neno?"

Alishtuka mwenyewe aliposikia. Akataka kusema niache. Nikamwahi.

"Lipo, Baba."

Akanigeukia. "La nani?"

"La Mama. Mama alipitiwa."

Baba alinitazama. Midomo yake ilicheza, machozi yakashuka yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Basi," akasema. "Alale."

Nikangoja.

"Na yule wa nje, mwambie aingie ale."

Nilitoka uani. Dada alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono kwenye povu. Nikamwambia Baba anakuita ndani, njoo ule. Hakunyanyuka.

"Mama alisema?" akaniuliza. Aliuliza bila kunitazama. "Usinifiche. Kabla hajafa, Mama alilisema neno?"

Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi, na kiti cha Baba kiko pale pale chini yake.

"Alisema," nikamjibu. "Jana yake jioni. Alimwambia Baba mkubwa alipitiwa."

Dada akaweka mikono usoni na povu lake lote, akalia kwa sauti kubwa, sauti ambayo hata makaburini hakuitoa. Nilimshika mpaka akatulia, nikamfuta kwa kanga yangu. Tulipoingia Baba alikuwa ameketi wima, na alikuwa amesikia kila kitu. Alimvutia Dada kiti, akasogeza sahani karibu naye.